Chuma cha Kufungia Ng'ombe

Nyamahanga, Biharamulo
9 Juni 2024

Dada Eustakia,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku tu wazima. Mke wangu kikohozi kimemwachia, mahindi tumeshayaingiza ndani, na nyani mwaka huu wametuhurumia. Mwanao Teddy hajambo? Na lile goti lako?

Naandika barua kwa sababu simu yako uliitumbukiza kwenye ndoo ya ng'ombe, na nikipiga ya Teddy inatumika tu, kutwa nzima anaongea na mchumba wake Pius.

Baba yake Pius, yaani Mzee Malongo, amenunua gari jipya. Dada, hujaona kitu! Gari la chini, la milango minne, la mbio na la kifahari, viti vya ngozi, zito kuliko hata pikapu ya parokia. Bahati mbaya barabara zetu hazilijui. Wiki ya pili tu likaanza kugonga chini, ngo, ngo, ngo, kila likipita kwenye makorongo. Mzee akakasirika, akasema amenunua gari au amenunua ngoma. Unajua gereji yangu iko kwenye uwanja wake na malori yake yote ni mimi nayahudumia, kwa hiyo nikalala chini ya lile gari siku nzima nikamaliza kelele. Sasa liko kimya kama godoro. Mzee amenisifu mbele ya watu dukani kwake, amesema, "Mkwe wangu mtarajiwa ana mjomba fundi." Nilijisikia mtu mkubwa.

Kwa mikono ya Francisca, huyu anayenunua maharage kwenu, nakutumia chuma. Kimepinda pande zote mbili, kinene, hakipati kutu upesi. Fukia miguu yake miwili ardhini, kipande cha katikati kibaki juu, utakuwa umepata mahali pa kufungia ng'ombe wa mahari wakifika. Hata fahali haking'oi. Usiulize kimetoka wapi, vyuma vya gereji ni vingi.

Mdogo wako,
Ntwari


Murukulazo, Ngara
30 Juni 2024

Ntwari mdogo wangu,

Marahaba. Milele, amina. Goti bado ni goti. Teddy yupo, amenenepa kwa furaha, shamba ameniachia peke yangu. Kahawa tumeanika, ndizi zipo, na mbuzi yule mweupe amezaa mapacha.

Ng'ombe wamefika. Kumi na wawili, wa Kisukuma kabisa, pembe hizi hapa! Watu wa Murukulazo walikuja kuwaangalia tangu asubuhi mpaka nikachoka kupokea hongera. Kuna fahali mmoja wa mabaka ambaye Shibuda, dereva wa Malongo, alikuja naye akimwogopa njia nzima. Chuma chako kilifika kabla yao. Nilimwita jirani akakijengea kwa saruji na mawe, na huyo fahali ndiye tumemfunga hapo. Amevuta siku mbili, ya tatu ameacha. Washenga wa Malongo wenyewe wamekisifu, wakauliza nimekipata wapi. Nikasema nina mdogo wangu fundi. Umeona ninavyokutengenezea jina?

Habari nyingine. Harusi ni Jumamosi tarehe kumi na mbili Oktoba, misa kanisani Nyamiaga. Malongo ametuma neno kwamba mkwe wake hatapanda gari la kukodi. Atachukuliwa hapa nyumbani kwa lile gari lake jipya, mpaka kanisani, halafu mpaka huko kwenu. Teddy aliposikia aliruka kama mtoto. Mimi nimesema asante. Mimi nitakwenda kanisani alfajiri kwa miguu yangu, unajua sipandi magari, na usianze kunibembeleza.

Dada yako,
Eustakia


Nyamahanga
21 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Huku wazima. Jua kali, vumbi limejaa hata kwenye ugali.

Barua yako imenifurahisha, hasa habari za ng'ombe. Kuhusu gari, nimefikiri. Kwani pikapu ya parokia haipatikani siku hiyo? Mngeipamba kwa maua ingependeza sana, na bibi harusi angeonekana na watu wote. Gari la Mzee lina vioo vyeusi, nani atamwona Teddy humo ndani?

Halafu niambie, ile barabara ya kutoka kwenu kuja Nyamiaga bado iko vilevile? Ule mteremko una kona ngapi, tatu au nne? Na ile ya mwisho, bado ni kali au walipoitengeneza waliinyoosha? Nauliza tu. Mzee ameniamuru niliinue gari lisikwaruzwe na mawe ya njia ya kwenu, nikaweka vipande vya mpira mgumu juu ya springi. Sasa limekaa juu, linapendeza. Shibuda anasema kwenye kona linalala kidogo. Shibuda naye ni mtu wa maneno mengi.

Jambo la mwisho. Kile chuma nakiomba. Nimepata kazi nacho. Mpe Francisca akija, nitakutumia kingine kizuri zaidi, kilichonyooka.

Ntwari


Murukulazo
18 Agosti 2024

Ntwari,

Marahaba. Barua yako imekaa kwa Francisca wiki mbili, alikuwa na malaria. Sasa ameinuka.

Chuma sitoi. Mtu akishapewa kitu amepewa. Nikikitoa huyo fahali nitamfunga kwenye nini, kwenye shingo yangu? Kipo ndani ya saruji, na jirani alikula kuku wangu wawili kwa kazi ile. Umetoa zawadi, sasa unaidai kama mtoto aliyegawa karanga! Hicho kilichonyooka unachokisifu kitumie wewe huko kwenye hiyo kazi yako.

Na hiyo pikapu ya parokia Teddy hataki hata kuisikia. Alikuwa amesimama nyuma yangu nikisoma barua yako, akasoma mstari huo tu kabla sijaifunika, akalia. Anasema mjomba ana wivu.

Mimi nimesoma mistari mingine. Umeanza kunihesabia kona, Ntwari. Wewe umezaliwa hapa, umechunga mbuzi kwenye ule mteremko, kona zake unazijua kuliko padri anavyozijua amri za Mungu. Ziko nne. Ya mwisho haijanyooshwa. Msalaba wa mume wangu Bigirimana bado uko pale chini, na kuhusu kona ile sitaki kuandika zaidi ya hapo. Miaka kumi na moja sijaitazama.

Sasa na mimi nauliza tu. Kuna nini?

Eustakia


Nyamahanga
8 Septemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara tatu na mara tatu nimeiwashia jiko. Hii ya nne nitaifunga kwa gundi na kumpa Francisca mkononi. Isome ukiwa peke yako. Teddy asiione.

Juzi Shibuda alinichukua ndani ya lile gari, akasema, "Fundi, leo utaona mwenyewe, maana nikisema unaniita mdaku." Tukashika mteremko wa huku kwetu, si mkali kama wa kwenu, na hakukimbia. Tulipoingia kwenye kona gari likainama upande, dada, likazidi kuinama. Chupa ya maji ikatoka mlango huu ikagonga mlango ule. Mimi nilibandikwa kwenye kioo, na kupitia kioo nikaiona lami karibu na uso wangu. Shibuda akanyonga usukani kurudi, gari likalalia upande wa pili, hivyo hivyo, likitikisika kama mlevi anayetafuta ukuta. Liliposimama Shibuda alizima injini. Akasema, "Tairi la upande wa ndani wa kona liliachana na ardhi, nimelisikia." Niliteremka nikatapika.

Kosa ni langu. Sasa nasema.

Chini ya gari kuna chuma kinachoshikana na mguu wa kushoto na mguu wa kulia. Tunakiita stabilaiza. Gari likiingia kwenye kona uzito wote unakimbilia upande wa nje, na kile chuma kinakataa, kinauvuta upande wa pili ushuke nao, gari linabaki limekaa sawa. Gari dogo jepesi unaweza kukitoa likaenda tu, na mafundi wengi tunafanya hivyo, kwa sababu vile viungo vyake vidogo vikiisha ndivyo vinavyogonga ngo, ngo. Unatoa, kelele inakwisha, mwenye gari anafurahi. Ndivyo nilivyofundishwa. Lakini lile ni gari zito, la mbio, na limetengenezwa kwa kukitegemea kile chuma. Mimi nikakitoa. Halafu nikaongeza dhambi juu ya dhambi, nikaliinua kwa mipira, na gari likiwa juu ndiyo linazidi kulala.

Nadhani umeshajua chuma chenyewe kiko wapi. Kimemfunga fahali wa Malongo uani kwako.

Nimejaribu kutengeneza kingine. Nimechoma nondo ya jengo nikaipinda. Nilipoibana tu ikakatika. Duka la vipuri la hapa mjini halina cha gari la aina ile. Wiki iliyopita nilipiga simu ya Teddy nikuombe wewe. Akapokea mwenyewe, akaanza kunieleza habari za gauni, kwamba lina mkia mrefu, na kwamba amepima kama litaenea kwenye kiti cha nyuma. Nikasema nilikuwa nasalimia tu. Nikakata.

Siwezi kumwambia Mzee. Atanitoa uwanjani, hilo naliweza. Lakini akisema ukoo wetu ni wa waongo, akavunja maneno ya ndoa, Teddy nitamtazama vipi? Nakuomba ukitoe kile chuma kwa siri. Nitakirudisha kwa siri. Hakuna atakayejua.

Naogopa, dada. Nikifumba macho naliona gari limepambwa maua.

Ntwari


Murukulazo
29 Septemba 2024

Ntwari,

Barua yako nimeipata jana. Wiki tatu imezunguka na magunia ya maharage. Wiki tatu! Zimebaki siku kumi na tatu.

Nilipomaliza kuisoma nilikwenda uani nikakaa chini mbele ya kile chuma. Yesu na Maria, nimekifua kwa mikono yangu. Nimekipaka hata samli siku washenga walipokuja, king'ae.

Sasa sikiliza, maana kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Unajua Bigirimana alikufa kwenye kona ya nne, pikapu ilimlalia na maharage yake. Watu walisema mwendo. Wewe pia ulisema mwendo, ulilia mpaka ukazimia. Haukuwa mwendo. Mwaka mmoja baada ya mazishi alikuja hapa fundi wako mkuu, yule aliyekufundisha kushika spana, akiwa mgonjwa, mifupa mitupu. Akaniambia alijua. Springi ya kushoto ilikuwa imekatika, akaifunga kwa waya na mpira wa baiskeli, akamwambia mume wangu nenda, hakuna shida. Aliogopa kupoteza mteja. Na msibani alikuja, Ntwari. Alibeba jeneza. Alikula chakula changu. Nikamsamehe kwa sababu alikuwa anakufa, na sikukwambia kwa sababu ulimpenda kama baba.

Ndiyo maana sipandi magari. Siogopi magari. Naogopa mafundi wanaojua na kunyamaza. Mungu wangu, na wewe umekuwa mmoja wao, wewe uliyetoka kwenye tumbo lililonizaa mimi!

Unaniomba siri. Mficha uchi hazai. Siri hakuna.

Leo alasiri nimechukua nyundo. Teddy ameniuliza ninavunja nini, nikasema saruji imepasuka. Nimevunja mpaka jua likazama, goti limevimba, lakini kimetoka. Francisca anaondoka nacho keshokutwa, nimekifunga kwenye gunia, na amelala kwangu ili asisahau.

Utafanya mambo mawili. La kwanza, utamwambia Malongo kwa mdomo wako mwenyewe, umesimama mbele yake. La pili, siku ya harusi utakaa ndani ya gari hilo pamoja na Teddy, katika kila kona. Kama umelitengeneza vizuri huna cha kuogopa.

Malongo mwenyewe apige simu ya Teddy, aombe kuongea na mimi. Nataka sauti yake. Ikifika Jumatano tarehe tisa sijaisikia, nitasimama mlangoni mwa kanisa Nyamiaga, niseme yote mbele ya padri na wageni, na harusi ivunjike. Afadhali Teddy anichukie akiwa hai.

Eustakia


Nyamahanga
10 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Najua Mzee ameshakupigia, lakini hakukueleza yote, na mimi nataka uyajue yote kutoka kwangu.

Chuma kilifika Alhamisi, kikiwa bado na saruji na mavi ya ng'ombe. Ijumaa asubuhi nikakibeba begani mpaka kwa Mzee. Alikuwa anakunywa uji barazani. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakakimbia. Nikakiweka chini mbele ya miguu yake nikasema, "Mzee, hiki ni cha gari lako. Nilikitoa mwezi wa sita. Ukienda nalo hivyo harusini utaua watu."

Akamaliza uji. Dada, uji ule ulikuwa mrefu! Halafu akagusa ile saruji kwa kidole akauliza, "Kilikuwa wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Kwa hiyo ng'ombe wangu umewafunga kwa mguu wa gari langu." Nikadhani atacheka. Hakucheka.

Akapiga simu Mwanza mwenyewe, akataja vile viungo vidogo na mipira yake. Jumatatu vikafika kwa basi. Siku tatu tu, dada! Mimi niliviogopa miezi minne, kwa sababu kuviagiza kungekuwa kukiri. Nikakirudisha chuma, nikatoa ile mipira niliyoinulia springi, gari likashuka mahali pake. Kila nati nimeikaza Shibuda akinitazama, maana Mzee aliamuru nisifanye peke yangu.

Jana akaja akasema, "Kaa atakapokaa bibi harusi." Nikakaa nyuma, kushoto. Yeye akakaa kulia, Shibuda akashika usukani. Tukaja mpaka kwenu. Ndiyo, dada, jana saa nne asubuhi tulikuwa kwenye mteremko wa Murukulazo, na sikuja kukusalimia. Tulishuka kona zote nne, tukapanda, tukashuka tena, kwa mwendo uleule wa siku ya harusi na baadaye zaidi yake. Kwenye ile ya nne niliuma koti langu. Mzee alikuwa ameweka kikombe cha maji kwenye goti lake. Yakacheza, hayakumwagika. Gari lilikaa sawa.

Pale chini tukasimama. Akaniuliza, "Umeniambia kwa sababu umetubu, au dada yako amekulazimisha?" Nilitaka kusema nimetubu. Nikatazama ule msalaba nikasema, "Dada." Akaitikia kwa kichwa. Akasema baada ya harusi nihamishe vitu vyangu uwanjani kwake, na nisiguse tena gari lake lolote. Kisha akasema, "Huyo dada yako ndiye atakayekaa mbele. Akikataa kupanda, hakuna atakayepanda."

Gari halitafika nyumbani kwako, limekuwa chini, mawe yatalikwaruza. Litasubiri barabara kubwa. Teddy atatoka nyumbani kwa miguu na shangazi zake wakimwimbia.

Barua hii nampa Shibuda akuletee leo hii. Nakuomba upande. Siombi kwa ajili ya Mzee.

Ntwari


Murukulazo
20 Oktoba 2024

Ntwari,

Nakuandikia ingawa tulikaa ndani ya gari moja saa nzima, kwa sababu ndani ya gari lile hatukuambiana hata neno.

Wewe uliniona kisogo tu. Nilikuwa nimefumba macho tangu barabara kubwa, rozari mkononi, na mkono mwingine nimeshika mlango mpaka vidole vikafa ganzi. Kona ya kwanza nilihesabu. Ya pili. Teddy nyuma alikuwa anaimba, mwanangu, hajui kitu hata leo. Ya tatu nilisikia pumzi yako imekatika, nikajua na wewe unahesabu. Kwenye ya nne nilingoja. Nilingoja niinamishwe, nilibana miguu, nilimwambia Bigirimana nakuja na mtoto. Hakikutokea kitu. Shibuda akasema, "Mama, tumeshapita."

Nikafumbua macho nikageuka nyuma. Kule bondeni, kuuzunguka msalaba, mtu amepanda mihogo. Imestawi. Kumbe miaka yote hii watu walikuwa wanalima pale.

Nimesikia umehamisha vitu vyako na unafanya kazi chini ya mti karibu na soko. Mke wako ameniandikia. Wateja watakuja, na wasipokuja rudi tulime. Malongo sina ugomvi naye, amefanya haki. Fahali amefungwa kwenye mgomba, ameshaung'oa mmoja. Usinitumie chuma.

Nimekusamehe. Lakini hofu haijaondoka, mdogo wangu. Usiku natazama dari nikifikiria magari yote uliyoyashika miaka hii, malori, pikapu, ambulansi ya zahanati, na watu waliomo ndani wanaoimba.

Kwa hiyo nimemwambia Francisca asirudi na magunia peke yake. Akikupa barua hii atasubiri hapo hapo chini ya mti wako. Kaa chini uandike kila gari ambalo umelinyamazia, na jina la mwenye nalo. Kama hakuna, andika kwamba hakuna, kwa mkono wako, utie sahihi. Hataondoka mpaka umalize.

Dada yako,
Eustakia